Istilahi za Mbinu za Utafiti wa Sayansi za Jamii na Namna ya Kuzitumia: Mfano wa Utafiti Kuhusu Vikoba

Mwanafunzi wa chuo anapofika kwenye sura ya tatu ya tasnifu yake, ile ya mbinu za utafiti, mara nyingi hujikuta akinakili fasili kutoka vitabuni: sampuli ni nini, uhalali ni nini, kigeu huru ni nini. Fasili huwa sahihi, lakini sura hubaki tupu, kwa kuwa msomaji huimaliza bila kujua mtafiti mwenyewe aliamua nini. Istilahi za mbinu za utafiti ni majina ya maamuzi. Kila moja humdai mtafiti achague jambo, aeleze sababu za kulichagua, na akubali kubanwa na uchaguzi huo hadi mwisho wa kazi yake. Mwongozo huu unazipitia istilahi kuu kwa kufuata mpangilio ambao maamuzi hayo hufanyika, na ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mada moja tu, nayo ni vikundi vya kuweka na kukopa, yaani vikoba, na maisha ya wanawake walio wanachama wake. Nimeichagua kwa sababu wanafunzi wengi Tanzania huipenda, na pia kwa sababu karibu mitego yote ya kimbinu imo ndani yake.

Kutoka mada hadi swali

"Vikoba na maendeleo ya wanawake" ni mada, na mada haiwezi kutafitiwa ikiwa katika hali hiyo. Kinachotafitiwa ni tatizo la utafiti, yaani jambo mahususi ambalo halijulikani, au ambalo maelezo yaliyopo kulihusu yanapingana. Wanafunzi wengi huandika kwamba pengo la maarifa lipo kwa sababu hakuna utafiti wa namna hiyo uliofanyika katika wilaya yao. Hoja hiyo ni dhaifu. Wilaya mpya huwa pengo la kweli pale tu ambapo kuna sababu ya kudhani kwamba mambo huko huenda kwa namna nyingine, kwa mfano kwa kuwa kipato cha wakazi hutegemea msimu mmoja wa mavuno, ilhali tafiti zilizotangulia zilifanyika mijini ambako watu hupata fedha kila siku.

Tatizo likishaeleweka, huzaa swali la utafiti, na swali zuri ni lile ambalo mtafiti anaweza kusema mapema ni ushahidi gani utakaolijibu. Tuchukue hili: je, wanawake waliodumu katika kikoba kwa miaka miwili au zaidi wana sauti kubwa zaidi katika maamuzi ya fedha za kaya kuliko wanawake wa mtaa huohuo wasio wanachama? Swali linataja nani analinganishwa na nani, kwa jambo gani, na mahali gani. Lengo kuu ni swali hilohilo likiwa limeandikwa kama kauli ya kazi, na malengo mahususi ni vipande vyake. Lengo mahususi ambalo halirudi kwenye swali kuu lifutwe, hata kama linavutia.

Nadharia tete ni jibu la muda linalotolewa kabla ya data kukusanywa, na sharti lake kubwa ni kwamba iweze kukanushwa. Kwa swali letu, mtafiti anaweza kudai kwamba wanachama wana sauti kubwa zaidi. Sambamba na dai hilo huwekwa nadharia tete ya kukana, isemayo kwamba hakuna tofauti, na hii ndiyo inayojaribiwa kitakwimu. Utafiti unaouliza wanachama wenyewe wanaielewaje sauti yao nyumbani hauhitaji nadharia tete, wala hauwi pungufu kwa kuikosa.

Kuifanya dhana ipimike

Hapa ndipo tafiti nyingi hushinda au hushindwa, na hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda wake mwingi zaidi. Dhana ni wazo la jumla kama vile uwezeshwaji, umaskini, kuaminiana au ushiriki. Hakuna aliyewahi kuuona uwezeshwaji ukipita njiani. Kinachoonekana ni dalili zake, ambazo katika utafiti huitwa viashiria. Kazi ya kutoka kwenye dhana hadi kwenye viashiria ndiyo huleta fasili tendaji, yaani maelezo yanayosema dhana itapimwa kwa kuuliza nini, kwa nani, na majibu yatahesabiwaje.

Si lazima mtafiti aanze bila chochote. Utafiti wa Demografia na Afya unaofanyika Tanzania na katika nchi nyingine nyingi huwauliza wanawake walio katika ndoa ni nani kwa kawaida huamua kuhusu matibabu yao wenyewe, kuhusu manunuzi makubwa ya nyumbani, na kuhusu kwenda kuwatembelea ndugu zao. Maswali hayo yametumika kwa miaka mingi, na mtafiti anayeyatumia hupata nafasi ya kulinganisha matokeo yake na ya taifa. Hata hivyo, yana udhaifu ambao mtu huuona mara anapoanza kuuliza. Swali "nani huamua matumizi ya fedha nyumbani?" hujibiwa mara kwa mara kwa neno moja, "tunashauriana," na ndani ya neno hilo zimo ndoa za kila namna: yule anayepewa taarifa baada ya jambo kuamuliwa, yule anayeombwa ruhusa kwa heshima, na yule ambaye kwa hakika ndiye mwamuzi. Dawa yake ni kuuliza kuhusu tukio badala ya mazoea. Mara ya mwisho kaya iliponunua kitu kikubwa, tuseme godoro au bati, nani alitoa wazo kwanza? Fedha zilitoka kwa nani? Na kama mngetofautiana, neno la nani lingesimama? Majibu matatu ya namna hiyo humpa mtafiti kipimo kinachokaribia maisha kuliko jibu moja la jumla.

Hali ni hiyohiyo kwa kipato. Mama lishe anayeulizwa hupata shilingi ngapi kwa mwezi atataja tarakimu yoyote ili mazungumzo yaendelee, kwa kuwa yeye hahesabu kwa mwezi. Aulizwe mauzo ya jana, gharama za mkaa, mchele na mafuta za jana hiyohiyo, siku nzuri ikoje na siku mbaya ikoje, na siku anazofungua kwa juma.

Dhana iliyokwisha kupewa kipimo hugeuka kuwa kigeu, kwa sababu thamani yake hutofautiana kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Kigeu huru ni kile kinachodhaniwa kuleta mabadiliko, ambacho hapa ni uanachama wa kikoba. Kigeu tegemezi ni kile kinachodhaniwa kubadilika, ambacho hapa ni sauti katika maamuzi. Vigeu hupimwa kwa viwango tofauti. Kabila na hali ya ndoa hutofautisha watu kwa majina tu. Jibu la "nakubali sana, nakubali, sikubali" lina mpangilio, lakini umbali kati ya jibu na jibu haujulikani. Idadi ya watoto na kiasi cha akiba vina sifuri ya kweli, hivyo mtafiti ana haki ya kusema hiki ni mara mbili ya kile. Kiwango cha upimaji huamua hesabu inayoruhusiwa. Kutafuta wastani wa namba walizopewa makabila kwenye kompyuta ni kosa ambalo programu ya takwimu haitalikataa, kwa hiyo ni lazima mtafiti mwenyewe alikatae.

Uwiano na usababishi

Tuseme data zimeonyesha kwamba wanachama wa vikoba wana sauti kubwa zaidi nyumbani. Huo ni uwiano: vitu viwili vimeonekana pamoja. Usababishi ni dai zito zaidi, kwamba kimoja kimekileta kingine, na kwa vikoba dai hilo ni gumu kulithibitisha kutokana na jinsi vikundi vyenyewe huundwa. Wanachama huchaguana. Hawamkaribishi mtu ambaye hana uhakika wa kununua hisa kila juma, na mwanamke ambaye mumewe humkataza kutoka nyumbani hafiki hata kwenye kikao cha kwanza. Kwa hiyo huenda wenye sauti ndio wanaojiunga, badala ya kujiunga kuwapa sauti. Jambo hili huitwa kujichagua, na sababu ya tatu inayogusa pande zote mbili, kama vile elimu ya mwanamke au biashara aliyokuwa nayo kabla, huitwa kigeu vurugishi.

Njia ya uhakika zaidi ya kulikabili tatizo hilo ni jaribio linalotumia upangaji nasibu. Mfano mzuri ni utafiti uliofanyika Ghana, Malawi na Uganda na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2017, ambamo maeneo yaliyofikishiwa mpango wa vikundi vya akiba na yale yaliyosubiri yalipangwa kwa bahati nasibu, hivyo makundi hayo mawili yakawa yanafanana kwa wastani kabla ya mpango kuanza. Watafiti walikuta nafuu katika biashara za kaya na katika uwezeshwaji wa wanawake, lakini hawakukuta ushahidi kwamba matumizi ya kaya kwa wastani yaliongezeka. Anayelinganisha wanachama na wasio wanachama bila kujua walivyokuwa mwanzo hawezi kuyatenganisha mambo hayo.

Mwanafunzi hana fedha za kufanya jaribio la namna hiyo, wala hatarajiwi. Anaweza kulinganisha wanachama wa muda mrefu na wale waliojiunga karibuni, kwa kuwa wote wameonyesha nia ileile ya kujiunga, ingawa waliokata tamaa na kutoka hawatakuwamo. Anaweza pia kuuliza hali ya kaya kabla ya kujiunga, akikubali kwamba kumbukumbu hupotosha. Na kama muundo wake ni wa kukusanya data wakati mmoja tu, basi aandike "inahusiana na" na aache "inasababisha." Achunguze pia ni mwezi gani anakwenda uwanjani: kikundi kinachogawana fedha zake Desemba kitaonekana tajiri Desemba na mkavu Machi, bila kitu chochote kubadilika katika maisha ya wanachama.

Nani atahojiwa

Jamii ya utafiti ni watu wote ambao hitimisho litawahusu. Sampuli ni wale wachache watakaofikiwa. Kati ya hao wawili kuna kitu ambacho wanafunzi wengi hukiruka, nacho ni orodha ya kuchotea sampuli. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya kijamii vya fedha katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, kwa hiyo mtafiti Tanzania anaweza kuomba orodha halmashauri. Lakini vikundi ambavyo havijasajiliwa havimo kwenye orodha hiyo, na vilivyosambaratika huenda bado vimo. Anayechota kutoka humo anazungumzia vikoba vilivyosajiliwa, na ni haki msomaji wake aambiwe hivyo waziwazi.

Ukubwa wa sampuli ndio humsumbua kila mtu, ilhali namna ya kuteua ina uzito zaidi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea kura za maoni zaidi ya milioni mbili na kutabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yamechotwa kutoka orodha kama za wenye simu na magari, na waliojibu walitofautiana na walionyamaza. Kwa upande mwingine, Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni ya umma barani Afrika, huhoji watu 2,400 tu kwa Tanzania, nchi iliyohesabiwa kuwa na watu 61,741,120 katika sensa ya mwaka 2022, na kiwango chake cha makosa ya sampuli ni asilimia 2 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Siri yake ni uteuzi nasibu, ambamo kila mtu mzima ana nafasi inayojulikana ya kuteuliwa.

Vyuo vingi hutumia kanuni ya Yamane, ambamo idadi ya jamii hugawanywa kwa moja kujumlisha idadi hiyo ikizidishwa kwa mraba wa kosa linalokubalika. Kwa kosa la asilimia 5, jamii ya watu 1,000 hutoa sampuli ya 286, ya 20,000 hutoa 392, na ya 100,000 hutoa takriban 398. Tarakimu hizo zinaonyesha kwamba jamii ikishakuwa kubwa, ukubwa wake hauongezi sampuli kwa kiasi cha maana. Ila kanuni hiyo ina masharti: inachukulia kwamba watu watateuliwa mmoja mmoja kwa nasibu rahisi. Anayeteua vikundi kwanza, kisha wanachama ndani ya vikundi, anatumia sampuli ya vishada, na watu wa kishada kimoja hufanana. Akihoji wanachama 20 katika kila kimoja cha vikoba 15, ana watu 300. Lakini kama ulinganifu wa ndani ya kikundi, yaani kadiri watu wa kikundi kimoja wanavyofanana katika majibu yao, ni 0.1, sampuli yake ina taarifa sawa na za watu wapatao 103 walioteuliwa mmoja mmoja. Ni heri kuchukua vikundi vingi na watu wachache katika kila kikundi. Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulifuata mantiki hiyo kwa kuteua maeneo 629 na kaya 26 katika kila eneo.

Utafiti wa kimaelezo hauna haja na kanuni ya Yamane, na kuiweka humo ni dalili ya kunakili. Huko hutumika uteuzi lengwa, yaani kumchagua mtu kwa sababu ya anachokijua: mweka hazina, mwanachama aliyeshindwa kurejesha mkopo, mume wa mwanachama. Mtafiti huendelea hadi mahojiano mapya yasiongeze jambo jipya kwenye swali lake.

Jambo moja liamuliwe mapema: kitengo cha uchambuzi. Je, sentensi za matokeo zitamzungumzia mwanamke, kaya, au kikundi? Kikoba chenye akiba kubwa hakithibitishi kwamba kila mwanachama ana akiba kubwa, kwa kuwa wawili watatu wenye maduka wanaweza kuwa ndio walioibeba.

Mkabala na zana

Mkabala wa kiidadi huuliza kiasi gani na kwa kadiri gani. Mkabala wa kimaelezo huuliza kwa namna gani na kwa maana ipi. Mkabala mseto huyaunganisha yote mawili, lakini una maana pale tu ambapo sehemu moja inafafanua au kusahihisha nyingine, tofauti na ile desturi ya kuongeza mahojiano matano mwishoni ili kuipamba hojaji. Zana hufuata swali. Hojaji hufaa kwa majibu yanayolinganishwa, usaili wa kina hufaa kwa yale yanayohitaji muda na faragha, na ushuhudiaji wa vikao huonyesha nani huzungumza na nani hunyamaza. Majadiliano ya vikundi lengwa hutoa kanuni za jamii vizuri. Siri za madeni ya mtu yasitarajiwe kuzitoa.

Uthabiti, uhalali, na aliyeketi pembeni

Kipimo kina uthabiti kikitoa jibu lilelile pale ambapo hali haijabadilika. Kina uhalali kikipima kile kinachodai kukipima. Kipimo kinaweza kuwa na uthabiti wote na kikose uhalali. Wanafunzi hutaja alfa ya Cronbach, kipimo cha uthabiti wa maswali yanayopima dhana moja, iliyofika 0.7 kana kwamba imemaliza mjadala, ilhali inaeleza tu kwamba maswali yanakwenda pamoja. Haisemi yanakwenda wapi.

Uhalali huharibika mara nyingi kwa mambo ambayo hayamo kwenye hojaji. Mtafiti huingia mtaani akiwa ametambulishwa na mtendaji wa mtaa, na mtendaji huketi pembeni wakati wa mahojiano. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mhojiwa anaijua. Mgeni mwenye karatasi, aliyeletwa na ofisi hiyohiyo, anaulizia rejesho la mikopo. Ni nani atakayemwambia kwamba kikundi kimesambaratika? Majibu yatakuwa mazuri mfululizo, na mtafiti ataandika kwamba vikoba vimefanikiwa. Kwa hiyo apige hodi kwa mtendaji kama utaratibu unavyotaka, kisha amwombe kwa heshima asihudhurie mahojiano; awaambie wahojiwa mwanzoni kabisa kwamba hana mkopo wa kugawa wala taarifa ya kupeleka ofisini; na alinganishe maneno yao na daftari la kikundi, wakimruhusu kulisoma. Kuijaribu hojaji yote kwa watu wachache walio nje ya sampuli, kabla ya kazi yenyewe, hufichua pia maswali ambayo hayaeleweki.

Ridhaa na usiri

Ridhaa ni zaidi ya sahihi kwenye fomu. Mhojiwa aelewe utafiti unahusu nini, nani ataona majibu yake, na kwamba anaweza kukataa au kuacha katikati bila hasara yoyote. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi waliokuwa na kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli na bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana. Taratibu za maadili tunazozifuata leo zimechangiwa sana na aibu hiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019, kwa hiyo kuhifadhi majina na namba za simu za wahojiwa kwenye kompyuta isiyofungwa ni suala la kisheria pia. Majina yatengwe na majibu, kila mhojiwa apewe namba. Katika vikoba kuna ugumu wa ziada, kwa kuwa wanachama wanafahamiana: "mweka hazina wa kikundi kimoja chenye duka la vitenge sokoni" ni jina kamili kwa kila mkazi wa kata. Mtafiti abadili au aondoe sifa za namna hiyo. Na katika majadiliano ya kikundi asiahidi usiri asioweza kuulinda. Aahidi wake mwenyewe na awaombe washiriki wautunze wao.

Kuandika matokeo

Matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu, yaani yale ambayo thamani ya p iko chini ya 0.05, yanamaanisha kwamba tofauti kubwa kiasi hicho isingetarajiwa mara nyingi kama kwa kweli hakuna tofauti. Hayamaanishi kwamba tofauti hiyo ni kubwa, wala kwamba ina faida kwa mtu yeyote. Ukubwa wa tofauti uandikwe kwa kipimo ambacho mwanachama wa kikoba angekielewa: wanawake wangapi zaidi katika kila 100 walisema neno lao ndilo lililosimama katika manunuzi ya mwisho. Kwa swali tulilolianza, sentensi ya matokeo yenye uaminifu ingesomeka hivi: "Miongoni mwa wanawake walio katika ndoa kwenye mitaa iliyotafitiwa, wanachama wa vikoba vilivyosajiliwa waliodumu kwa miaka miwili au zaidi walitaja mara nyingi zaidi kuliko wasio wanachama kwamba uamuzi wao ndio uliofuatwa katika manunuzi makubwa ya mwisho ya kaya, ingawa utafiti huu haukupima hali yao kabla ya kujiunga." Ni sentensi ndefu, na msimamizi anaweza kutaka ifupishwe. Asikubali mtafiti kufupisha kwa kuondoa neno "vilivyosajiliwa," wala kile kipande cha mwisho.